Mazungumzo ya Jamaa: Mbunge Aliyehesabu Fedha za Maskini



Mara nyingi watu huulizana: je, mbunge hufanya kazi gani hasa? Wengine humwona siku za kura tu, akipita mitaani na maneno matamu. Kura zikiisha, haonekani tena. Wengine hudhani kazi yake ni kusema sana na kupanda motokari. Leo nataka kuwasimulieni habari za mbunge mmoja wa Uingereza, Bwana Frank Field, aliyekaa barazani miaka 40, toka 1979 hata 2019. Miaka hiyo yote alishughulika zaidi na mambo matatu: umaskini wa jamaa, fedha ya watoto, na malipo ya uzee ambayo wengi huyaita pensheni. Hakufaulu katika yote. Nitawaambieni pia mahali alipoanguka. Lakini kazi yake ina mafundisho kwa baba, kwa mama, na kwa vijana walio shuleni.

MTOTO WA MFANYAKAZI

Frank Field alizaliwa London tarehe 16 Julai 1942. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Mama yake alisaidia katika shule ya watoto. Desemba ya mwaka uleule, bwana mmoja mwenye elimu, William Beveridge, alitoa taarifa kubwa iliyoeleza namna serikali iwezavyo kuwalinda raia katika ugonjwa, katika kukosa kazi na katika uzee. Vita ilikuwa haijaisha, lakini watu walipanga mistari kuinunua. Basi mtoto huyu alikua pamoja na sheria zilizotoka katika taarifa ile.

Alisoma elimu ya uchumi katika chuo kikuu cha Hull. Alipokuwa kijana alikuwa katika chama cha Conservative, ambacho wazazi wake walikipenda. Mwaka 1960 akakiacha, kwa sababu alikataa ubaguzi wa rangi uliokuwa ukitawala Afrika Kusini, akaingia chama cha Labour, yaani chama cha wafanyakazi.

Mwaka 1969 akawekwa kuwa mkuu wa shirika liitwalo Child Poverty Action Group, lililoanzishwa mwaka 1965 kuwatetea watoto wa jamaa maskini. Alikaa hapo miaka 10. Nchi ile ilikuwa tajiri, na watu wengi walidhani umaskini umekwisha. Field na wenzake walifanya kazi isiyo na makelele: kuhesabu. Walihesabu mshahara wa baba, kodi ya nyumba, bei ya mkate na ya viatu. Wakaandika, wakapeleka kwa mawaziri na kwa magazeti. Mtu aweza kubisha maneno. Ni vigumu zaidi kubisha hesabu.

MTEGO WA UMASKINI

Katika kuhesabu hivyo waligundua jambo la ajabu. Mwaka 1971 Field, pamoja na mwenzake David Piachaud, aliandika katika gazeti habari ya kitu walichokiita “mtego wa umaskini”. Jina hilo latumika hata leo.

Tuchukue mfano. Baba mmoja apata mshahara mdogo. Kwa kuwa ni mdogo, apunguziwa kodi ya nyumba, na watoto wake wala bure shuleni. Bwana wa kazi aona bidii yake, amwongeza fedha kidogo kila juma. Jamaa yote yafurahi. Lakini ngojeni! Kwa kuwa mshahara umepanda, serikali yachukua sehemu kuwa ushuru. Punguzo la kodi ya nyumba nalo lapungua. Watoto sasa hawana haki ya kula bure. Mwisho wa juma mama ahesabu, aona ile nyongeza imetoweka yote, na pengine nyumbani mna fedha kidogo kuliko kwanza.

Je, baba huyo ni mvivu? Sivyo. Amefanya kazi kwa bidii, na bidii yake imemwadhibu. Ndiyo maana Field alisema maisha yake yote kwamba msaada unaotolewa kwa kumpima mtu umaskini wake una hatari ndani yake. Mwenye kufanya kazi zaidi hupoteza msaada. Mwenye kuweka akiba hupoteza msaada. Mwenye kusema kweli juu ya mali yake hupoteza msaada, na mwongo huupata. Sheria ya namna hiyo, alisema, yawafundisha watu wema tabia mbaya. Yeye alipendelea njia nyingine: kila mtu achange wakati wa nguvu zake, na siku ya shida apokee kwa haki, bila kuinamisha kichwa.

MFUKO WA BABA NA MKOBA WA MAMA

Sasa natumwa na jina la ukurasa huu kusema juu ya fedha ya watoto. Kina mama, sikilizeni vizuri.

Kabla ya Field alikuwako mama mmoja, Eleanor Rathbone, diwani wa mji wa Liverpool na baadaye mbunge. Huyu alipigania miaka mingi kwamba serikali iisaidie kila jamaa yenye watoto, na tena fedha hiyo itiwe mkononi mwa mama. Sheria ilipita mwaka 1945. Bibi Rathbone alikufa Januari 1946. Akina mama walianza kupokea Agosti ya mwaka huo, shilingi 5 kwa juma kwa kila mtoto, ila mtoto wa kwanza hakuhesabiwa. Aliyepanda mti hakula matunda yake.

Palikuwa na msaada wa pili: baba mwenye watoto alipunguziwa ushuru katika mshahara wake. Ulikuwa msaada mzuri kwa mwenye mshahara wa kutosha. Lakini baba maskini kabisa, asiyelipa ushuru, hakupata kitu. Na fedha hiyo ilikaa katika mfuko wa baba; kufika kwake mezani kulitegemea moyo wake.

Mwaka 1975 Baraza lilipitisha sheria mpya: misaada hiyo miwili iunganishwe kuwa malipo moja kwa kila mtoto, hata wa kwanza, na kwa kawaida mama ndiye atakayepokea. Kazi ingeanza Aprili 1977. Lakini Mei 1976 mawaziri wakatangaza kuiahirisha. Kwa nini? Waliogopa. Baba akiondolewa lile punguzo la ushuru, mshahara wake wa juma ungeonekana umepungua, hata kama mkewe amepokea zaidi. Waliogopa hasira ya wanaume.

Juni 1976 Field alitoa katika gazeti la New Society habari za siri za baraza la mawaziri. Mtumishi mmoja wa serikali alikuwa amempa karatasi. Nchi nzima ikasoma namna jambo lilivyokwenda: mawaziri waliambiwa kwamba vyama vya wafanyakazi havitakubali, na wakuu wa vyama vya wafanyakazi waliambiwa kwamba wabunge hawatakubali. Kila upande uliogopeshwa kwa jina la mwenzake, na watoto wakawa wamesahauliwa katikati.

Polisi walimtafuta aliyetoa karatasi. Field hakumtaja. Mwaka 2014 tu, katika kitabu kilichotoka baada ya kifo chake, ilijulikana kwamba alikuwa Malcolm Wicks, ambaye baadaye alikuwa mbunge yeye mwenyewe. Je, ilikuwa haki kutoa siri ya serikali? Wenye akili njema hawakubaliani juu ya hilo, nami nawaachieni mlizungumze nyumbani. Lakini matokeo yajulikana. Malipo yalianza kidogo kidogo Aprili 1977, na Aprili 1979 yakakamilika: paundi 4 kwa juma kwa kila mtoto. Mpaka leo yanalipwa Uingereza.

Wababa, msinikasirikie. Sisemi kwamba kila baba hula mshahara wake peke yake. Lakini ni nani ajuaye kwamba chumvi imekwisha, kwamba mtoto wa tatu hana daftari, kwamba sabuni imebaki kipande? Anayejua haja ya nyumba awe na sauti juu ya fedha ya nyumba. Jambo hilo halihitaji sheria ya Uingereza. Lahitaji mume na mke kuketi pamoja siku ya mshahara.

ALIPOKUWA WAZIRI

Mei 1979 Field alichaguliwa kuwa mbunge wa Birkenhead, mji wa viwanda vya meli, ng'ambo ya mto Mersey mkabala wa Liverpool. Kazi ya meli ilipopungua, watu wengi wa mji ule walikosa kazi. Walimjia na barua walizoshindwa kuzifahamu, na madeni, na misaada iliyokatwa. Wengi wa wale waliomjua walisema kwamba nguvu yake katika Baraza ilitoka hapo: hakusema juu ya maskini kama mtu aliyesoma habari zao tu.

Mwaka 1997 Waziri Mkuu Tony Blair alimfanya waziri wa kutengeneza upya sheria za misaada. Watu walitazamia mambo makubwa, kwani alikuwa amefikiri juu ya hayo karibu miaka 30. Wapi! Mpango wake wa kila mtu kuchanga na kupokea kwa haki ulihitaji fedha nyingi mwanzoni, na wenye kushika sanduku la fedha hawakukubali. Yeye na waziri aliyekuwa juu yake hawakupatana. Julai 1998 akaacha kazi.

Wengine walisema ni kosa la wakubwa. Wengine walisema Field mwenyewe alikuwa mgumu, ajuaye kukosoa kuliko kutengeneza pamoja na wengine. Pengine pande zote zina kweli yake. Hata hivyo hakwenda kukaa nyumbani na kununa. Alirudi katika kiti chake cha mbunge wa kawaida, akaendelea miaka 21 zaidi.

MALIPO YA WAZEE WA DUKA

Mwaka 2015 wabunge wenzake walimchagua kuwa mkuu wa kamati inayoangalia mambo ya kazi na pensheni. Hapo ndipo jina lake lilipojulikana hata kwa watu wasiopenda siasa.

Palikuwa na kampuni ya maduka yaliyoitwa BHS, yaliyojulikana katika miji mingi ya Uingereza. Mwaka 2000 tajiri mmoja, Philip Green, aliinunua kwa paundi milioni 200. Katika miaka ya kwanza wenye mali, yaani jamaa yake na wengine waliokuwa na sehemu, walipokea faida ya zaidi ya paundi milioni 400. Baadaye biashara ikashuka. Machi 2015 aliiuza kampuni yote kwa paundi 1. Ndiyo, wasomaji, paundi moja tu! Aliyenunua hakuwa amezoea kazi ya maduka makubwa, na Aprili 2016 kampuni ikaanguka. Watu 11,000 walikuwa na kazi humo. Agosti 2016 maduka ya mwisho yakafungwa.

Lakini kulikuwa na jeraha la pili, lisiloonekana. Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, wa sasa na wa zamani, ulipungukiwa na paundi milioni 571. Wenye haki katika mfuko huo walikuwa karibu 20,000: wauzaji wa nguo, wapishi wa mikahawa ya duka, watunza hesabu, watu waliosimama nyuma ya meza miaka 20 na 30.

Yafaa tufahamu vema pensheni ni nini. Bwana wa kazi asemapo, “Nitakulipa hiki leo, na hiki utakapozeeka,” vyote viwili ni mshahara. Cha pili kimecheleweshwa tu. Mzee anayedai pensheni yake adai jasho lake la jana. Asiyemlipa amemnyima mfanyakazi ujira wake, hata kama wanasheria wataliita jambo hilo kwa jina jingine.

Uingereza ina mfuko wa ulinzi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, unaowapokea wazee ambao kampuni yao imeanguka. Lakini ambaye hajafika umri wa kustaafu hupunguziwa sehemu ya kumi ya haki yake, na nyongeza za miaka ijayo huwa ndogo.

Kamati ya Field, pamoja na kamati ya mambo ya biashara, iliwaita wote waliohusika. Kamati ya wabunge haina gereza wala haina uwezo wa kumwamuru mtu alipe. Ina silaha tatu tu: kuita, kuuliza, na kuandika mbele ya watu wote. Juni 2016 Bwana Green aliulizwa karibu saa sita. Alisema kwamba hakukusudia mabaya, na akaahidi kutengeneza jambo la pensheni. Julai kamati zilitoa taarifa kali. Oktoba Baraza lilitaka aondolewe cheo chake cha heshima. Field hakuacha, alikumbusha ahadi ile juma kwa juma, kama mjane yule wa Injili aliyemchosha kadhi. Watumishi wa serikali wanaosimamia pensheni nao walimbana kwa sheria. Februari 2017 Green alikubali kulipa mpaka paundi milioni 363. Wazee walipata malipo bora kuliko yale ya mfuko wa ulinzi, ingawa hawakurudishiwa yote waliyoahidiwa.

NJAA KATIKA NCHI YA SHIBE

Waswahili husema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwaka 2014 Field, pamoja na askofu mmoja wa Kanisa la Kiingereza, waliongoza wabunge wa vyama mbalimbali kuchunguza kwa nini watu wengi wa Uingereza wanapanga mistari kupewa chakula cha sadaka. Waliona kwamba mara nyingi sababu ilikuwa kuchelewa: mtu ana haki ya msaada, lakini karatasi yake imelala katika ofisi, na tumbo halijui kungoja karatasi.

Tarehe 5 Desemba 2017 alisimama katika Baraza kusema juu ya msaada mpya uitwao Universal Credit, ambao mwombaji alipaswa kuungoja karibu majuma 6. Alisimulia habari ya jamaa moja iliyomjia Birkenhead, mtoto wao akilia kwa njaa. Baba alisema juma lile walikuwa na bahati: majirani waliwahurumia, wakawaita katika matanga, ili wale mabaki wageni wakiisha kula. Mbunge wa chama cha upande wa pili alipoinuka kusema baada yake, alishindwa kwa machozi.

Mwaka huohuo alileta barazani mswada wa kuwapa watoto maskini chakula wakati wa likizo, kwani mtoto anayekula bure shuleni, shule ikifungwa hana meza. Mswada haukuwa sheria, lakini serikali ilianza kulijaribu jambo hilo mwaka 2018, na mwaka 2021 likaenea Uingereza nzima ya kusini iitwayo England.

MWISHO WAKE, NA SISI

Agosti 2018 Field aliondoka katika kundi la wabunge wa chama chake, akisema chama kimeacha nafasi kwa chuki juu ya Wayahudi na kwa kuwatisha watu. Desemba 2019 akasimama katika kura nje ya chama hicho, akashindwa. Watu aliowatumikia miaka 40 walimchagua mwingine. Ndiyo desturi ya kura, nayo haina shukrani ya lazima. Mwaka 2020 alipewa kiti katika Baraza la Malodi. Alikufa tarehe 23 Aprili 2024, umri wake miaka 81. Hakuoa, hakuacha mtoto. Fedha ya watoto inalipwa.

Na sisi? Katika Kongo, mwaka 1961 serikali iliweka chombo cha akiba ya wafanyakazi kilichoitwa INSS. Tangu mwaka 2018 chaitwa CNSS. Mfanyakazi aliyeandikwa hukatwa sehemu ya mshahara, na bwana wa kazi huongeza sehemu yake, kwa ajili ya uzee. Basi baba, je, wajua kama jina lako limeandikwa? Barua yako ya kazi iko wapi? Karatasi za mshahara umeziweka, au watoto wamezifanyia vishada? Tumekwisha kuona wazee waliofanya kazi miaka 30, na siku ya kudai haki hawana hata kipande cha karatasi. Mama, tafuta sanduku dogo la bati lenye kifuniko, ukazitie humo, mbali na panya na mvua. Mume akifa, sanduku hilo ndilo litakalosema badala yake.

Nanyi wanafunzi, mnaochukia hesabu, kumbukeni mtu huyu. Hakuwa na jeshi, wala hakuwa tajiri, na uwaziri wake haukudumu hata miezi kumi na mitano. Alijua kujumlisha na kutoa, alijua kuandika, na hakuchoka kuuliza. Mbunge akija mtaani kwenu kuomba kura, msimwulize ataleta ngoma gani. Mwulizeni: mzee wetu yule, malipo yake yamekwama wapi, nawe utamwita nani kujibu?